Mgeni ni Nani Hapa?



Mwezi huu tunawaletea habari ya siku moja. Ni siku yetu wenyewe, na tungeweza kuisimulia kwa majivuno, kwa maana picha zake ni nzuri na wageni wetu walituaga kwa tabasamu. Tumeona afadhali tuisimulie kama ilivyokuwa, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo mzee mmoja alituuliza juu ya mawe ya maporomoko, na swali hilo halijatuacha hadi leo.

Siku yenyewe

Katika likizo kubwa iliyopita, boti ndogo iliyokodiwa na kundi la wasafiri ilifika Kisangani kutoka Kinshasa. Walikuwa wameupanda mto kwa zaidi ya kilomita 1,700, wakipita Mbandaka, Lisala, Bumba na Isangi, nao walikuwa na hamu ya kukanyaga nchi kavu. Walikuwa watu kumi na mmoja. Baadhi yao walikuwa Wakongomani waliozaliwa au kulelewa Ulaya, wengine Wazungu. Kesho yake alfajiri boti ingegeuza na kushuka mto. Walikuwa basi na siku moja tu ya kuuona mji wetu, wakauliza parokiani kama wapo vijana wa kuwaongoza. Sisi sita tukajitolea.

Tulipatana dola 10 kwa kila mgeni, jumla dola 110. Kikundi chetu kilikuwa kikitafuta nauli ya hija ya vijana, na hesabu hiyo ilituamsha kabla ya jogoo.

Asubuhi tuliwapeleka katika kanisa kuu la Bikira Maria wa Rozari, linaloutazama mto. Kisha tukawapandisha toleka, baiskeli zetu zinazobeba abiria nyuma, wakacheka kama watoto. Tukapita soko kuu, tukala lituma kwa samaki wa kuchoma, na jua lilipoanza kupungua ukali tukafika kwa Wagenia.

Mahali hapo mnapajua. Ni poromoko la mwisho kati ya yale saba ya Boyoma, yanayoanzia upande wa Ubundu na kushuka kwa umbali wa kilomita zipatazo 100. Hapo Wagenia wamesimamisha miti mikubwa katikati ya maji yanayonguruma, na kutoka katika miti hiyo wamening'iniza makapu makubwa yenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Maji hupita, samaki hubaki. Mgeni anayeliona jambo hilo kwa mara ya kwanza husimama kimya.

Mmoja wa wageni wetu, dada aliyezaliwa Ubelgiji na wazazi Wakongomani, alituuliza kwa upole: Miti hii inasimamaje katika maji yenye nguvu namna hii? Hukaaje bila kung'oka?

Tulitazamana. Sisi sita tumezaliwa Kisangani. Tumepita hapo mara nyingi, tumepiga picha za kipaimara na za harusi hapo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jibu. Basi mmoja wetu, kwa kuogopa aibu, akatunga moja. Akasema kwamba Wabelgiji zamani walitoboa mwamba kwa mashine na kuweka vyuma vya kushikilia miti. Yule dada akaandika maneno hayo katika daftari lake. Akaandika!

Wakati huohuo mgeni mwingine alikuwa ameteremka hadi kando ya maji, akawa anampiga picha kijana aliyekuwa akivuta kapu, kifua wazi, jasho likimtiririka. Hakumwomba ruhusa. Kijana akageuza uso. Mgeni naye akazunguka upande wa pili ili aupate uso ule. Tuliona. Tulinyamaza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amelipa.

Juu ya jiwe, hatua chache kutoka kwetu, mzee mmoja alikuwa ameketi akirekebisha kapu. Alikuwa amesikia na kuona yote. Hakutukemea mbele ya wageni. Alingoja waende mbele kidogo, ndipo akatuita.

"Wanangu, mmezaliwa wapi?"

"Hapa hapa, baba. Kisangani."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufunga kamba ya kapu lake. Kisha akasema: "Basi mgeni ni nani hapa?"

Hesabu ya jioni

Jioni, wageni walipokwisha kurudi botini, tulikaa chini ya mwembe wa parokia tukahesabu fedha. Dola 30 zilikuwa zimekwenda kwa watu waliokuwa wakikusanya kiingilio pale maporomokoni. Dola 22 tuliwalipa waendesha toleka. Dola 18 zilikuwa za chakula. Dola 40 zilibaki, zikaingia katika sanduku la kikundi. Hesabu ilikuwa safi, wala hakuna aliyeiba.

Ndipo msichana mmoja kati yetu akauliza wale wavuvi walipata nini. Tukakumbuka kwamba mgeni mmoja, kwa hiari yake, alikuwa amempa yule kijana wa kapu furanga 2,000. Hazifiki hata dola moja. Watu waliokuja kutazamwa, ambao kazi yao ndiyo iliyowatoa wageni botini, ndio walioambulia kidogo kuliko wote. Mwendesha baiskeli alilipwa, mpishi alilipwa, mkusanya kiingilio alilipwa, na sisi tuliodanganya tukalipwa.

Tunaandika haya bila kumshitaki mtu, kwa maana wa kwanza kushitakiwa ni sisi. Tunayaandika kwa sababu tunaamini kwamba yaliyotupata yanawapata vijana wengi wa miji yenye kitu cha kutazamwa, na kwamba lipo la kufanya.

Mji uliosimuliwa na wapita njia

Tangu zamani mji wetu umesimuliwa na watu waliokaa siku chache. Henry Morton Stanley aliyapita maporomoko haya mwezi Januari 1877, na kwa miongo mingi yakabeba jina lake. Mji nao, uliokua kutokana na kituo alichokianzisha mwaka 1883, ukaitwa Stanleyville hadi mwaka 1966 ulipochukua rasmi jina la Kisangani. Wagenia walikuwa hapa kabla yake, na maporomoko yalikuwa na majina yake, lakini katika ramani za dunia mwenyeji alikaa karibu karne nzima chini ya jina la mpita njia.

Baada yake alikuja baharia mmoja Mpolandi, Joseph Conrad. Alifika hapa tarehe 1 Septemba 1890 kwa meli ya mvuke iliyoitwa Roi des Belges. Alikaa siku chache, akashuka mto akiwa mgonjwa. Mwaka 1899 hadithi yake, Heart of Darkness, ilianza kutolewa, na wasomi wengi huona kwamba kituo cha mwisho kinachosimuliwa humo kimetokana na kituo hiki chetu. Kitabu hicho kilifichua ukatili wa wakoloni, na kwa hilo kinastahili shukrani. Lakini watu wa mto hawazungumzi humo isipokuwa kwa maneno machache mno. Mwandishi Mnigeria Chinua Achebe alilisema hilo waziwazi mwaka 1975: kwamba Mwafrika amefanywa kuwa pazia la nyuma la jukwaa ambalo Mzungu analichezea mashaka yake. Vijana, siku chache zilitosha kuandika kitabu kinachosomwa hadi leo katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Nani basi atasema kwamba siku moja ya mgeni ni jambo dogo? Yule dada wa Ubelgiji alirudi botini na daftari lenye uongo wetu. Huenda siku moja atawasimulia watoto wake kwamba babu zao hawakuweza kusimamisha mti majini mpaka Mbelgiji alipowatobolea mwamba.

Hilo ndilo linalotuuma zaidi. Conrad aliandika bila kuuliza. Dada huyu aliuliza, naye aliwauliza wenyeji, na wenyeji ndio waliomnyang'anya babu zake ustadi wao.

Tuseme pia kwamba si kila aliyeshuka botini alipita tu. Mwaka 1897 Padri Gabriel Grison, wa Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, aliupanda mto huu akafika hapa, akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Alikuja mgeni asiyejua njia wala lugha, akawahitaji watu wa kumwelekeza. Na hata Kiswahili hiki tunachokiandikia kilifika kwa wageni, katika misafara ya watu wa pwani waliotafuta pembe za ndovu na kuchukua watumwa. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi, Tippu Tip, aliwekwa kuwa gavana wa hapa mwaka 1887. Mgeni huweza kuleta mema na mabaya katika mzigo mmoja. Ndiyo maana mwenyeji hatakiwi kulala.

Si sisi peke yetu

Msidhani kwamba tatizo hili ni la nchi maskini tu. Mbali kaskazini, katika pwani ya Alaska, upo mji mdogo uitwao Juneau wenye wakazi wapatao 32,000. Mwaka 2023 meli za kitalii zilileta huko wageni zaidi ya milioni 1.6, karibu wote katika miezi michache ya joto. Hushuka asubuhi, hutazama barafu, hununua kumbukumbu, na jioni hurudi melini. Wakazi walichoka na msongamano, na mji ukapatana na makampuni ya meli kwamba kuanzia mwaka 2024 zisizidi meli kubwa tano kwa siku. Katika mwaka huohuo wengine walitaka kila Jumamosi iwe siku isiyo na meli kubwa. Wakazi wakapiga kura, na pendekezo hilo likakataliwa, kwa maana wengi hupata riziki kwa wageni hao. Nao mji wa Venice, Italia, ulianza mwezi Aprili 2024 kuwatoza wageni wa siku moja euro 5 katika siku za msongamano. Karibu nasi zaidi, kwenye pwani ya Waswahili, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia, nao huwapokea watu wanaoshuka melini asubuhi na kuondoka jioni.

Hatutaki kuilinganisha Kisangani na miji hiyo kwa wingi wa wageni. Kwetu wageni ni haba, na wengi wetu tungependa waongezeke. Tunachokipenda katika mfano wa Juneau ni jambo moja: wenyeji waliketi wakazungumza. Mwenye duka na mwenye nyumba iliyojaa kelele walibishana, wakapiga kura, wakakubali matokeo. Hawakumwachia mgeni, wala nahodha wa meli, aamue jinsi mji wao utakavyotazamwa. Sisi tumewahi kuketi na Wagenia lini?

Yanayosemwa kutupinga

Tulipolieleza jambo hili katika mkutano wa vikundi vya vijana, wenzetu walitupinga kwa hoja tatu, na ni haki kuzijibu.

Wa kwanza alisema: Mgeni hakuja kusoma historia, amekuja kufurahi, mpeni alichokijia. Ni kweli, mgeni hufurahi. Lakini dada yule hakuwa ameombwa aulize swali lake. Aliuliza kwa sababu alipendezwa. Anayepewa jibu la kweli hufurahi mara mbili, kwa macho na kwa akili. Na jibu lenyewe, kama mtakavyoliona mbele, ni zuri kuliko uongo wetu.

Wa pili alisema: Sisi ni maskini, dola 110 si jambo la kuchezea, mkianza kumkemea mgeni kwa sababu ya picha, hatarudi. Hoja hii ni nzito na hatutaki kuipuuza. Wapo kati yetu wanaolipa karo kwa fedha za namna hiyo. Lakini tujiulize kama kumwambia mgeni kwamba hapa tunaomba ruhusa kabla ya kupiga picha ni kumkemea. Kwake yeye pia, mtu hawezi kuingia katika kiwanda na kumpiga picha mfanyakazi usoni bila kuuliza. Mwungwana atashukuru kuambiwa. Na yule anayeondoka kwa hasira kwa sababu tu ameombwa aseme jambo kabla ya kupiga picha, afadhali tumpoteze mapema.

Wa tatu, naye aliongea kwa uchungu, alisema: Mnataka tuwaonyeshe wageni nini cha kweli? Kweli ya mji huu ni makaburi. Tulinyamaza kidogo, kwa maana alikuwa mtoto mdogo tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, wakati majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipopigana ndani ya mji wetu kwa siku sita, na maelfu ya makombora yakaangukia nyumba za watu wasiokuwa na bunduki. Mwezi Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa nchi yetu dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka ile. Wapo wazazi wetu wanaongojea fidia hiyo hadi leo.

Tunamjibu ndugu yetu hivi: hatulazimiki kumfungulia kila mpita njia jeraha letu. Makaburi hayauzwi kwa tiketi. Lakini mgeni akituuliza, tusicheke na kugeuza mazungumzo, wala tusiongeze chumvi ili atuhurumie na kutoa zaidi. Tumwambie tarehe, tumwambie yaliyotokea, kisha tukae kimya pamoja naye. Anayeutembelea mji na kuondoka bila kujua kwamba umelia, ameona nusu yake. Na anayeondoka akidhani kwamba mji huu ni kilio tu, naye ameona nusu nyingine.

Mwenyeji asiyejua kwake

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeizoea upande wa mfukoni: mgeni aje, mwenyeji apate chochote. Tunadhani ina upande mwingine. Mgeni huja na macho mapya, naye huuliza yale ambayo mwenyeji amekwisha kuacha kuyaona. Swali lake huweza kumponya mwenyeji upofu wake. Sisi tuliponywa siku ile, ingawa dawa ilikuwa chungu.

Mnakumbuka wale wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau. Walimshangaa mwenzao wa njiani, wakamdhania ndiye mgeni peke yake Yerusalemu asiyejua yaliyotokea. Kumbe aliyejua ni yeye, na wao waliokuwako tangu mwanzo ndio waliokuwa hawajaelewa. Swali la mzee wa maporomokoni ni la namna hiyo. Kuzaliwa mahali hakumfanyi mtu kuwa mwenyeji wa mahali. Uenyeji una kazi yake: kujua, kutunza, kumlinda aliye dhaifu nyumbani mwako hata mbele ya mgeni mwenye fedha, na kugawa kwa haki kilicholetwa na mgeni. Kwa vipimo hivyo vinne, siku ile tulishindwa vyote, tena tukiwa tumevaa fulana za kikundi chenye jina la mtakatifu.

Tuliporudi

Jumamosi mbili baadaye tulirudi kwa Wagenia, safari hii bila wageni. Tulilipa kiingilio kama watu wengine. Tulichukua dola 20 kutoka katika sanduku, yaani nusu ya zile 40, tukaenda kumtafuta yule mzee. Tulimkuta palepale. Tukamwamkia, tukamwomba radhi kwa uongo wetu, tukamweleza habari ya fedha. Hakuzipokea peke yake. Aliwaita wale waliokuwa wakivuta makapu siku ile, nao wakagawana mbele yetu. Kijana aliyepigwa picha alitutazama kwa muda, kisha akasema: "Siku nyingine niulizeni tu. Ningekubali."

Ndipo tukamwuliza mzee swali la yule dada. Alitushika mkono, akatuongoza juu ya mawe yaliyo makavu, akatuonyesha mashimo. Hakuna mashine iliyoyatoboa. Ni maji yenyewe yaliyoyachimba mwambani, kwa miaka isiyohesabika. Wazee wa Wagenia waliyaona, wakayapima, wakaisimika miti yao humo na kuifunga kwa kamba za mwituni. Mto uliotaka kuing'oa miti ndio uliochimba mahali pa kuisimamisha! Akatueleza pia kwamba makapu huvutwa mara mbili kwa siku, na kwamba kwa kuwa ni makubwa na yana nafasi pana, hushika samaki wakubwa tu. Wadogo hupita wakaendelee kukua. Tukakumbuka mikutano tuliyohudhuria kuhusu kulinda uumbaji, tukiwa na makaratasi na vinywaji baridi, huku somo lilikuwa likining'inia mtoni kila siku.

Kwa hiyo tunawaomba ninyi wa vikundi vya parokia, kila kikundi kichague siku moja kabla ya likizo ijayo, kiwe mgeni katika mji wake. Nendeni kwa Wagenia, vukeni mto mwende Lubunga ilipo reli ya Ubundu, nendeni kwenye daraja la Tshopo, ulizeni Chuo Kikuu kinajua nini juu ya msitu wetu. Msiende na simu tu, nendeni na daftari. Ulizeni majina, ulizeni nani mwenye mahali, ulizeni nani hula kutokana na mahali hapo. Msilolijua, semeni hamlijui, kisha mtafuteni anayelijua mkamsikilize pamoja na mgeni wenu. Na mkipewa kazi ya kuongoza watu, mapatano ya fedha yafanyike mbele ya wanaotazamwa, nao wawe na fungu lao kabla ya mafungu mengine kukatwa.

Na ninyi mtakaosafiri, kwa maana wengi wenu mtasafiri, kumbukeni kijana aliyegeuza uso. Siku moja mtashuka botini, au kwenye basi, au kwenye ndege, katika mji wa wengine, mkiwa na saa chache. Salimieni kwanza. Ulizeni kabla ya kuinua simu. Nunueni kwa yule aliyefanya kazi. Na mtakaporudi nyumbani kusimulia, semeni mliyoyaona, msiongeze yale mliyoyadhani.

Tulimwandikia yule dada wa Ubelgiji. Anwani yake alituachia siku ile ili tumpelekee picha. Tulimpelekea picha, na chini yake tukaandika: "Tulikudanganya. Hakuna Mbelgiji aliyetoboa mwamba. Mashimo yamechimbwa na mto, na miti imesimamishwa na babu zetu." Jibu lake lilikuja baada ya majuma mawili. Alituambia amekata ukurasa ule wa daftari, na kwamba anataka kurudi, akae siku zaidi ya moja, naye anatuomba tumtangulie kwa mzee kumwomba ruhusa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika mtaa wenu kuna kitu gani ambacho wageni hukisimamia na ninyi mnakipita bila kukitazama? Nani anaweza kuwafundisha habari zake?

2. Je, mmewahi kumnyamazia mtu kwa sababu alikuwa amelipa? Aliyeumia ni nani, na mngeweza kusema nini kwa upole?

3. Fedha inapoingia katika kikundi chenu kwa kazi ya watu wengine, fungu la watu hao hukatwa lini: mwanzo, au baada ya yote?